Petroli Iliyoongezeka Mlimani

Tuseme ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25, inapanda Kitonga kuelekea Iringa. Nyuma kuna magunia, mbele kuna malori mawili yanayojikokota kwa gia ya kwanza. Mwanzo wa mlima mshale wa joto uko katikati. Kona chache baadaye umeshavuka katikati. Kabla ya kilele unagusa alama nyekundu, na dereva, ambaye ameshasikia habari za kutosha za silinda hedi zilizopinda kwenye mlima huu, anaanza kutafuta mahali pa kuegesha.

Ndipo anapoona jambo la ajabu. Katika Series III geji ya joto na geji ya petroli zinakaa kwenye duara moja, mbele ya macho ya dereva. Ya petroli nayo imepanda. Alipita Mikumi akiwa na chini ya nusu tanki. Sasa mshale unasema tanki linakaribia kujaa.

Gari halijazi petroli kwa kupanda mlima. Geji mojawapo inasema uongo waziwazi, na kwa kuwa mishale yote miwili imepanda kwa pamoja, ile ya pili nayo haiaminiki. Dereva anazima injini, anafungua boneti na kusikiliza. Hakuna mvuke. Maji hayachemki, hayavuji popote, na mpira wa juu wa rejeta una joto la kawaida la injini iliyofanya kazi. Injini iko salama. Aliyeharibika ni mleta habari.

Ili kumjua mleta habari huyu, inabidi kuanza na jambo ambalo wenye magari wengi hawajaambiwa: mshale ule haupimi joto la maji. Unapima umeme. Kati ya maji yanayozunguka ndani ya injini na macho ya dereva kuna sensa, waya mmoja mrefu, geji yenyewe, chanzo cha umeme kinachoilisha, na arthi inayorudisha umeme huo kwenye betri. Kila kimoja kinaweza kubadilisha ujumbe kabla haujafika.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Miaka ya 1910 Mmarekani Harrison Boyce aliwauzia wenye magari kipimajoto kilichofungwa juu ya mfuniko wa rejeta, nje kabisa, na dereva alikisoma kupitia kioo cha mbele. Kilikuwa kipimajoto hasa, ingawa kilipima mvuke ulio juu ya maji kuliko maji yenyewe. Baadaye zikaja geji za mrija mwembamba wa shaba wenye kimiminika cha etha: joto likipanda, shinikizo ndani ya mrija hupanda, na mrija uliopindwa nyuma ya geji hujikunjua na kusukuma mshale. Ufundi huo wa mrija uliopindwa ni wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeusajili mwaka 1849 kwa ajili ya kupima shinikizo la mvuke. Geji za aina hii bado zimo kwenye matrekta na malori ya zamani. Hazihitaji betri wala waya, ila mrija ukikatika mahali popote, etha hutoka na geji imekufa. Kuiunga kwa solda bila kurudishia etha hakusaidii chochote.

Geji ya umeme ilishinda kwa sababu waya ni rahisi kupitisha kuliko mrija. Sensa yake ni kipande cha shaba nyeupe au njano chenye ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa nati kwenye silinda hedi, kwa kawaida karibu na nyumba ya themostati. Ndani yake kuna themista, punje ya madini yenye tabia ambayo Mwingereza Michael Faraday aliiona mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha: tofauti na waya wa kawaida, ikipata joto inapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Maji yakiwa baridi, ukinzani wa sensa ni mamia ya omu. Yakiwa ya moto sana, unashuka hadi makumi. Kadiri umeme unavyopita kwa wingi, ndivyo mshale unavyopanda.

Na mshale unapandaje? Hapa kuna ufundi unaostahili kutazamwa kwa karibu. Ukiifungua geji ya Smiths ya Land Rover, huoni sumaku wala springi ya saa. Unaona ukanda mwembamba wa metali mbili zilizogandamanishwa, umezungushiwa waya laini kama unywele. Umeme ukipita kwenye waya huo, waya unapata joto, ukanda unapata joto, na kwa kuwa metali hizo mbili hazitanuki sawa, ukanda unajikunja na kuuvuta mshale. Hicho ni kijiko kidogo cha kuchemshia nyuma ya kioo. Ndiyo maana ukiwasha swichi, mshale hauruki. Unapanda polepole kama mtu anayeamka usingizini. Na ndiyo maana barabara ya makorongo haiutikisi.

Uzuri huo una gharama yake. Umeme wa gari la volti 12 haukai kwenye 12. Injini ikiwa imezimwa betri ina 12 na ushee. Oltaneta ikichaji zinafika 14. Kijiko cha kuchemshia kikipewa umeme mwingi huchemsha zaidi, hata kama sensa haijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo watengenezaji waliweka stabilaiza, neno ambalo kila mwenye friji analijua, na kazi ni ileile: kuzipa geji umeme usioyumba. Ya Smiths ni kijisanduku cha bati kisichozidi kiberiti, chenye herufi mbili kwenye miguu yake: B unapoingia umeme wa betri, I unapotoka kwenda kwenye geji. Ndani kuna ukanda mwingine wa metali mbili unaojipasha, unajikunja, unakata umeme, unapoa, unaunganisha tena. Washa, zima, washa, zima, bila kukoma, na wastani wa kinachotoka ni volti 10. Geji, kwa uzembe wake wa kupanda taratibu, haioni mikatiko hiyo. Inaona wastani tu.

Lakini ukanda wa stabilaiza hauwezi kujipasha bila arthi. Skrubu ya arthi ikilegea au ikishika kutu, waya wake wa ndani haupati mzunguko, ukanda haupati joto, haukati tena, na geji zote zinapokea volti 14 moja kwa moja. Joto linalozalishwa kwenye waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti: 14 gawanya kwa 10 ni 1.4, na 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Kila geji inapikwa mara mbili ya inavyostahili. Ya joto inakwenda kwenye nyekundu. Ya petroli inajaza tanki kwa miujiza.

Hilo ndilo lililotokea Kitonga, na ndiyo sababu swali la kwanza mbele ya geji yenye mashaka halihusu injini hata kidogo. Ni hili: geji ya jirani inasemaje? Zote mbili zikipanda kupita kiasi, tafuta stabilaiza na arthi yake. Zote mbili zikilala chini, tafuta fyuzi, waya wa kijani unaoingiza umeme, au stabilaiza iliyokwama ikiwa imekata. Ya petroli ikisema kweli na ya joto peke yake ikawa na mambo yake, stabilaiza haina hatia. Teremka kwenye sensa na waya wake.

Inauma kuona ni mara ngapi swali hili halikuulizwa. Gari linaingia gereji, mwenye gari anaeleza kwamba linachemsha, na kabla ya dakika tano kupita anasikia, “Bosi, hapa hedi imekwenda, tufungue.” Kufungua hedi ni kubadilisha gasketi, kupeleka hedi kukwanguliwa, na kumwaga maji na pengine oili. Kuangalia geji ya petroli ni kugeuza macho.

Swali la pili: je, ni kweli kuna joto? Hili linahitaji shahidi wa nje. Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga kinafaa, ila si kile kilichopita kwenye malango ya ofisi na makanisa mwaka 2020, maana kile cha paji la uso kimetengenezwa kwa joto la binadamu na hakisomi kitu kinachokaribia kuchemka. Kinachotakiwa ni cha viwandani. Nacho kina mtego wake: kwenye bati linalong’aa au shaba iliyosuguliwa husoma chini ya ukweli, kwa sababu uso unaong’aa hautoi mionzi ya joto kama uso mweusi. Lenga mpira wa juu wa rejeta, au bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye nyumba ya themostati na ulenge hapo. Injini nyingi za zamani zikishapata moto zinafanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kipimajoto kikisema 85 huku mshale uko kwenye nyekundu, ugomvi umekwisha.

Kisha waya. Katika magari ya Kiingereza ya miaka ile rangi za waya zilikuwa na mpangilio, na wa sensa ya joto ni wa kijani wenye mstari wa buluu. Uchomoe kwenye sensa, washa swichi bila kuwasha injini. Mshale unapaswa kulala kwenye baridi na kubaki hapo. Ukipanda, waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi. Fuata njia yake yote, hasa unapopita ukuta wa injini, ambapo mpira wa kuukinga huwa umeshaliwa na miaka. Sasa gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini. Mshale unapaswa kuanza kupanda kuelekea kwenye joto. Ukianza tu kupanda, ondoa waya. Ukiuacha hapo, waya laini ule wa ndani ya geji unapokea umeme usio na kizuizi na unaweza kuungua. Mshale ukitii majaribio haya mawili, geji na waya ni vizima, na lawama zote zinabaki kwa sensa.

Lawama hizo mara nyingi ni za haki, ingawa si kwa sababu sensa imekufa. Imebadilishwa. Sensa nyingi zina nyuzi za kufungia zilezile na sura ileile, lakini ukinzani wake haulingani, kwa sababu kila moja ilitengenezwa kwa geji yake. Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, akilinganisha kwa macho, sensa itaingia vizuri, haitavuja, na itasema uongo kwa uaminifu kila siku: gari la kawaida litaonekana lina homa, au lenye homa litaonekana zima. Namba iliyogongwa kwenye sensa ya zamani ina thamani kuliko nyuzi zake, na anayeitupa kabla ya kupata mpya anajitafutia kazi.

Kosa lingine ni tepu nyeupe ya mafundi bomba. Sensa ya waya mmoja inapata arthi kupitia nyuzi zake, chuma kwa chuma. Ikizungushiwa tepu nyingi, njia hiyo inazibwa nusu, umeme unapungua, na mshale unakaa chini kuliko ukweli. Vilevile waya mnene wa arthi unaounganisha injini na chasi. Ukilika, dalili yake inajulikana usiku: washa taa kubwa, na mshale wa joto unasogea. Taa hazipashi maji moto. Kikisogea kitu kwa kuwasha taa, arthi ndiyo yenye kesi.

Mwenye subira anaweza kuipima sensa jikoni. Sufuria ya maji, kipimajoto cha kupikia, mita ya umeme ya bei ya kawaida. Sensa inaning’inizwa majini bila kugusa sufuria, mguu mmoja wa mita kwenye ncha yake, mwingine kwenye bati lake, na ukinzani unaandikwa kila nyuzi kumi maji yanavyopanda. Namba zinapaswa kushuka kwa ulaini. Zikiruka, zikiganda, au zikirudi juu, sensa imechoka. Sufuria hiyohiyo inafaa kwa themostati: iliyoandikwa 82 inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi 82.

Ila hapo pana jambo linalowapotosha watu wa nyanda za juu. Themostati haifunguki yote kwa mara moja. Inahitaji nyuzi kumi au zaidi juu ya namba yake ili ifunguke kabisa. Dar es Salaam maji ya sufuria yanafika 100 na mtu anaiona ikifunguka hadi mwisho. Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Nairobi ni karibu na hapo. Themostati nzima inaweza kuchemka nusu saa kule bila kufunguka yote. Haina kosa, maji ndiyo yameishiwa. Ndani ya gari mambo ni tofauti kwa sababu mfuniko wa rejeta unabana shinikizo. Mfuniko ulioandikwa 0.9 ukiwa mzima unayafanya maji matupu ya pwani yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Ndiyo maana mfuniko usiobana vizuri huonekana kama ugonjwa mkubwa wa injini kwenye miinuko, na ndiyo maana kuufungua gari likiwa na moto ni kujiunguza: maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke palepale.

Themostati inahitaji utetezi kidogo, kwa sababu katika gereji nyingi ndiyo inayotupwa kwanza. Hoja ni kwamba nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo haihitajiki. Ikiondolewa, maji yanapita rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, mafuta yanaliwa zaidi, oili haikaushi unyevu wake, na mshale unalala chini. Wenye gari husema geji ni mbovu. Geji hapo inasema kweli tupu. Katika injini ambazo themostati pia huziba njia ya mkato ya maji, kuiondoa kunaweza hata kuongeza joto, kwa sababu maji ya moto yanazunguka kwenye injini bila kupita rejeta.

Mpaka hapa uongo wote umekuwa wa kutisha bure au wa kuudhi. Uko mmoja unaoua injini, na huo unastahili kukumbukwa na kila anayeendesha gari la zamani: mshale unaoshuka ghafla wakati ambapo haukuwa na sababu ya kushuka. Sensa imetengenezwa kuoga majini. Mpira ukipasuka na maji yakimwagika, ncha yake inabaki hewani au kwenye mvuke, ambao hauipelekei joto kama maji yanavyofanya. Kwa hiyo chuma kinaungua huku geji ikirudi kwenye baridi, na dereva aliyekuwa na wasiwasi anapumua kwa nafuu na kuongeza mwendo. Kwenye baridi ya Makambako au Njombe dalili ya pili inapatikana kwenye hita: ikiwa ilikuwa inapuliza hewa ya moto na ghafla inapuliza baridi, maji hayafiki tena. Simama pale pale. Usimwagie injini maji baridi. Iache ipoe kwanza, kisha utafute maji yamekwenda wapi.

Mapovu ya hewa yanayobaki baada ya kubadilisha maji hutoa dalili ndogo ya jamii hiyo: mshale unapanda na kushuka bila mpangilio kwa siku moja au mbili. Hewa ikitolewa vizuri, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, unatulia.

Wanaohamia kwenye gari la zamani kutoka kwenye gari jipya wanapata hofu nyingine isiyo na msingi. Katika magari mengi ya sasa mshale umepangwa na kompyuta ukae katikati katika upana mkubwa wa joto, ili usiwasumbue watu, na ukiondoka hapo mambo yameshaharibika. Geji ya Series III haina adabu hiyo. Kwenye foleni inapanda, kwenye mteremko inashuka, kwenye Kitonga inapanda sana. Kusogea ndiko kusema kwake. Anayelijua gari lake huwa na alama ndogo ya kalamu kwenye kioo cha geji, mahali mshale ulipokuwa siku kipimajoto kiliposema 85, na nyingine pale kiliposema 95. Geji yenye makosa yasiyobadilika, ikiwa na alama hizo, inafaa kuliko mpya isiyojulikana.

Turudi kando ya barabara. Dereva amechomoa waya wa betri, kisha akalegeza skrubu chache za paneli, akafungua kebo ya spidi kwa nyuma na kuivuta paneli taratibu. Stabilaiza iko hapo, na waya mweusi wa arthi umekalia skrubu yenye unga wa kijani. Kwa kidole tu unacheza. Anaukwangua kwa kisu mpaka shaba inang’aa, anakwangua na mahali unapokalia, anakaza. Akifika mjini atamwuliza fundi redio kama ana regyuleta ya 7810, kidude cha miguu mitatu kinachotoa volti 10 tulivu bila ukanda wa kuchoka, ambacho mafundi wa magari ya zamani wamekuwa wakikifunga badala ya kijisanduku cha Smiths. Kwa leo cha zamani kinatosha.

Anarudisha betri, anawasha injini, anasubiri. Mshale wa joto unapanda polepole na kusimama juu kidogo ya katikati, kama inavyopaswa kwa gari lililotoka kupanda mlima na mzigo. Wa petroli nao unasimama, chini kabisa ya robo. Anaangalia mbele, anahesabu kilomita hadi kituo cha mafuta kinachofuata, na anaondoka kwa mguu mwepesi.